Video za Zamani za Familia: Namna ya Kuziokoa na Kuzitazama Pamoja na Wazee

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Moshi, Mombasa, Nairobi na Zanzibar, juu ya kabati la nguo au ndani ya sanduku la bati lililosukumwa chini ya kitanda, imo mikanda ya video ambayo haijachezwa kwa miaka mingi, na ambayo wenyewe hawathubutu kuitupa ijapokuwa deki ya kuichezea ilikwisha kuharibika zamani. Mingi ni ya harusi. Mingine ni ya ubatizo na kipaimara, ya maulidi, ya mahafali, ya mapokezi ya ndugu aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, na hata ya mazishi, kwa sababu jamaa walioshindwa kusafiri walitaka nao waone jinsi mpendwa wao alivyositiriwa. Makala haya yanaeleza kwa nini mikanda hiyo ina mvuto mkubwa kiasi hicho, na yanashauri namna ya kuiokoa, kuitazama na kuitunza. Hoja inayotetewa ni kwamba video ya familia ina nusu mbili, moja ikiwa katika utepe wenyewe na nyingine katika vichwa vya watu wanaozitambua sura zilizomo, kwamba nusu zote mbili zinapotea katika kipindi kimoja, na kwamba anayeokoa ya kwanza akaiacha ya pili hubakiwa na picha za watu wasiojulikana, ambazo wajukuu hawatakuwa na sababu ya kuzifungua.

Upigaji wa picha za mwendo kwa matumizi ya nyumbani haukuanza na video. Kampuni ya Kodak ilitoa filamu ya upana wa milimita 8 mwaka 1932, kisha aina iliyoboreshwa ya Super 8 mwaka 1965, lakini katika Afrika Mashariki kamera za filamu zilibaki mikononi mwa watu wachache wenye uwezo, hasa baadhi ya familia za wafanyabiashara na za maofisa. Kilichobadilisha hali ni mkanda wa VHS, yaani kaseti yenye utepe wa sumaku wa upana wa takriban milimita 12.7, uliotolewa na kampuni ya JVC huko Japani mwaka 1976. Ni jambo la kukumbukwa kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Bara zilizokuwa na uwezo, deki iliingia kabla ya matangazo, na watu walizoea kukaa mbele ya kioo kutazama filamu za Kihindi, na baadaye kujitazama wao wenyewe wakicheza katika harusi ya binamu, kabla hawajawahi kumwona msomaji wa habari wa nchi yao. Huenda hii ni sababu mojawapo iliyoipa mikanda ya harusi heshima ya pekee: kwa familia nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa televisheni yao ya kwanza.

Mvuto wa video hizi kwa kawaida huelezwa kuwa ni kutamani siku zilizopita, na maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Wanasaikolojia Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, ambao pamoja na wenzao wamechunguza hisia hii tangu miaka ya 2000, wameonesha kwamba mtu anapoyakumbuka ya zamani kwa shauku, aghalabu kumbukumbu yake huwa na watu wa karibu naye waliokusanyika katika tukio lenye uzito, na kwamba kumbukumbu ya namna hiyo, ijapokuwa huwa na uchungu ndani yake, humwongezea mtu hisia ya kuwa na watu wake na ya kwamba maisha yake yana maana. Kwa kipimo hicho, harusi iliyorekodiwa ina kila kitu kinachotakiwa. Hata hivyo, anayechunguza watu wakitazama mikanda ya familia huona kwamba wanachokishangilia, na kinachowaliza, si lile tukio ambalo mpiga video alilipwa kulichukua. Kuvishana pete na kukata keki hupita bila maneno mengi. Sauti hupanda pale kamera inapopita haraka juu ya umati ikamnasa marehemu babu akirekebisha kofia yake, au inapomsubiri bibi harusi mlangoni na nyuma yake kusikika shangazi akimkaripia mtoto kwa lafudhi ambayo hakuna tena katika ukoo anayeizungumza. Picha iliyopigwa studio ilimtaka mtu asimame wima, akaze uso, avae nguo yake bora, nayo ilihifadhi jinsi alivyotaka aonekane. Mkanda, kwa kuwa ulikwenda kwa saa tatu mfululizo na mtu hawezi kujipanga kwa saa tatu, ulihifadhi jinsi alivyokuwa.

Miongoni mwa yote hayo, sauti ndiyo inayostahili kuzingatiwa zaidi, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Sura ya marehemu husaidiwa na picha za ukutani, lakini sauti yake haina kitu cha kuiegemeza, na watu wengi hukiri kwamba baada ya miaka kadhaa hawawezi tena kuisikia akilini sauti ya mzazi wao. Mkanda unaoonesha bibi akiwaita watu waje kula, kwa maneno manne tu, huwa umebeba kitu kisichopatikana katika albamu yoyote: kasi yake ya kusema, pumzi yake, lahaja yake, awe ni mtu wa Tumbatu, wa Lamu au wa Usambara. Kutokana na hilo familia inashauriwa kutoa kipaumbele kwa mkanda ambao haujahaririwa, yaani ule uliotoka moja kwa moja kwenye kamera, kuliko ule uliopambwa na mpiga video kwa kubandikiwa nyimbo mwanzo hadi mwisho. Kwa mtazamo wa wakati ule nyimbo zilikuwa ndiyo ufundi wenyewe. Kwa mtazamo wa leo zilifunika hotuba za wazee na mazungumzo ya pembeni. Iwapo mpiga video wa zamani bado yupo mjini, inafaa kumwendea na kumuuliza kama alibakiwa na mikanda mibichi, na kumlipa bila kusita.

Katika kupanga mkanda upi uokolewe kwanza, kosa la kawaida ni kuanza na harusi kubwa iliyopendeza. Kigezo bora ni kujiuliza ni mkanda upi una sauti na sura ya mtu ambaye hakurekodiwa popote pengine, kisha ni mkanda upi una watu ambao anayewatambua amebaki mmoja tu na ni mzee sana. Harusi ya mwaka 2001 ambayo maharusi wenyewe wangali hai na wana albamu nzima inaweza kusubiri. Ubatizo wa mwaka 1989, wenye picha inayotetemeka, uliochukuliwa na mjomba aliyeazima kamera, hauwezi.

Haja ya kuharakisha inatokana na jinsi mkanda ulivyoundwa. Utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembechembe za sumaku zilizoshikizwa kwa gundi maalumu, na gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa ikalegea pole pole, jambo linaloufanya utepe unate na kuacha masizi kwenye mashine. Katika miji ya pwani, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, huongezeka tatizo la ukungu, yaani kuvu inayoota kama vumbi jeupe pembezoni mwa utepe. Hata pasipo unyevu, nguvu ya sumaku yenyewe hufifia, ndiyo maana rangi za mikanda mingi zimepauka na picha imejaa chenga. Mashine nazo zinatoweka: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016, kwa hiyo deki inayoharibika leo mara nyingi hutegemea vipuri vilivyong'olewa kwenye deki nyingine. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha watunza nyaraka za sauti na picha, IASA, kwa kushirikiana na UNESCO, kilitoa tahadhari kwamba ifikapo takriban mwaka 2025 urudufishaji wa mikanda ya sumaku ungekuwa mgumu sana, si kwa sababu mikanda yote ingekuwa imeoza, bali kwa sababu mashine na mafundi wasingepatikana. Mwaka huo ulitajwa kama mpaka wa kuhimizana na si kama siku ya mwisho, na familia ambayo haijaanza bado ina nafasi. Ila nafasi hiyo haiongezeki.

Mtu anayeutoa mkanda sandukuni baada ya miaka mingi hapaswi kuutia kwenye deki siku hiyo hiyo. Kwanza autazame kupitia kidirisha cha kaseti penye mwanga wa kutosha: ukiwa na unga mweupe au mabaka, umeota ukungu, na usichezwe kabisa kabla ya kusafishwa na fundi, kwa maana silinda ya deki iliyobeba vichwa vya kusomea picha huzunguka mara 1,500 kwa dakika na utepe mmoja mchafu hutosha kuviziba vichwa hivyo na kuhamishia ukungu kwenye mikanda itakayofuata. Usipokuwa na ukungu, uachwe siku moja au mbili katika chumba kikavu chenye hewa ya kawaida, hasa ikiwa umetoka mahali penye joto au baridi tofauti. Kisha kivunjwe kile kipande kidogo cha plastiki kilicho ukingoni mwa mgongo wa kaseti, ambacho kikiondoka deki haiwezi tena kurekodi juu ya mkanda huo. Si familia moja iliyopoteza harusi ya wazazi kwa kubonyeza kitufe kisicho chake. Kabla ya kuuchezesha, mkanda upelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa nyuma hadi mwanzo, ili utepe uliogandamana ulegee na ujipange sawasawa. Deki nayo ijaribiwe kwanza kwa mkanda usio na thamani, kama vile filamu ya zamani, kwa sababu deki iliyokaa muda mrefu bila kutumika hupenda kumeza utepe.

Suala la mfumo wa picha huwasumbua hasa wenye jamaa waliotawanyika. Mikanda iliyorekodiwa Tanzania, Kenya, Oman na Uingereza kwa kawaida iko katika mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Iliyotoka Marekani, Kanada na Japani iko katika NTSC, wenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde. Iliyotoka Ufaransa, na pia Kongo na Burundi, yaweza kuwa katika SECAM. Mkanda wa mfumo mmoja ukichezwa katika deki ya mfumo mwingine huonesha picha isiyo na rangi, inayoruka au isiyosomeka kabisa, na watu wengi wameitupa mikanda mizima wakidhani imeharibika. Mikanda mingi ya harusi ilibebwa na wasafiri kati ya Zanzibar, Muscat, Dubai na London, hivyo mkanda usioonekana vizuri utafutiwe kwanza deki ya mifumo yote kabla ya kuhukumiwa.

Kazi ya kuhamisha, yaani kuuchezesha mkanda huku kompyuta ikiipokea picha na kuihifadhi kama faili, yaweza kufanywa nyumbani kwa kifaa kidogo kinachounganisha deki na kompyuta, au kupelekwa kwa fundi. Haina njia ya mkato, kwa kuwa mkanda wa saa tatu huhitaji saa tatu kamili. Anayempelekea fundi anapaswa kumweleza mambo matatu bila kumung'unya: kwamba mkanda uhamishwe wote, pamoja na sehemu zinazoonekana hazina kitu, kwamba asiongeze muziki, maandishi wala mapambo, na kwamba umbo la picha libaki lile la zamani la 4 kwa 3, kwa sababu picha ikivutwa ijae televisheni pana za siku hizi nyuso hutanuka na marehemu huonekana kama si yeye. Faili kuu inafaa iwe ya ubora wa juu; katika muundo unaoitwa DV, kwa mfano, saa moja huchukua takriban gigabaiti 13, hivyo mkanda wa saa tatu hukaribia 40. Kutokana na hiyo hutengenezwa nakala nyepesi ya kutazamia kwenye simu. Faili kuu ihifadhiwe katika diski mbili tofauti zinazokaa nyumba mbili tofauti, moja kwa mfano kwa kaka Arusha na nyingine kwa dada Tanga, na nakala ya tatu mtandaoni kwa wenye uwezo wa kulipia nafasi. Flashi si mahali pa kuhifadhia. Ni chombo cha kubebea tu. Wale waliohamishia mikanda yao kwenye VCD na DVD katika miaka ya 2000 wasijione wamemaliza, kwa maana diski za kurekodia zina rangi inayofifia, na nyingi kati ya hizo tayari zinakwama katikati. Kwa wachache wenye filamu za milimita 8, dalili ya kuogopwa ni harufu kali ya siki mkebe unapofunguliwa, kwani huonesha kwamba filamu imeanza kuoza na yafaa itenganishwe na nyingine na kupelekwa kwa mtaalamu mapema.

Mengi ya yaliyoelezwa hadi hapa yanaweza kufanywa na fundi yeyote makini. Nusu ya pili haiwezi kufanywa na fundi, na ndiyo inayotakiwa kuchukua muda mwingi zaidi wa familia. Katika harusi ya watu mia tatu iliyorekodiwa mwaka 1992, maharusi wenyewe leo huenda wakawatambua nusu ya waliohudhuria, watoto wao wakawatambua ishirini, na wajukuu wasimtambue mtu zaidi ya bibi na babu. Kila msiba wa mzee unaotokea unafuta majina kadhaa kutoka katika umati huo, ijapokuwa sura zao zinabaki kwenye faili zikiwa safi kabisa. Kwa sababu hii, kikao cha kuutazama mkanda pamoja na wazee ni kazi ya utafiti inayostahili kupangwa, si burudani ya baada ya chakula cha sikukuu, ambapo watu thelathini huzungumza kwa wakati mmoja na hakuna kinachoandikwa.

Kikao kizuri kina mzee mmoja au wawili, mtu mmoja wa kushika rimoti, na mmoja wa kuandika. Wazee wawili wanaofahamiana ni bora kuliko mmoja, kwa kuwa husahihishana, na katika ubishi wao hutoka habari ambazo hakuna swali lingeziibua. Simu iwekwe mezani ikirekodi sauti, baada ya wenyewe kuombwa idhini. Swali la jumla kama vile "Bibi, unakumbuka nini?" halizai matunda, maana hulitupa zigo zima kwa mzee; swali linalozaa ni lile dogo linaloelekezwa kwenye kioo: huyu aliyevaa kitenge cha kijani ni nani kwa huyu aliyebeba sinia, alikuja kutoka wapi, kwa nini yeye ndiye aliyemshika mkono bibi harusi, na ile nyumba inayoonekana nyuma ilikuwa ya nani. Mahali ambapo mzee anasema "simjui", paandikwe hivyo, kwa sababu huenda mzee mwingine akamjua. Daftari liwe na saa, dakika na sekunde za faili mahali mtu anapotokea, jina lake pamoja na lile aliloitwa nyumbani, uhusiano wake na familia, na jina la aliyemtambua. Majina ya faili nayo yaanze na tarehe, mwaka ukitangulia, ili yajipange yenyewe. Na kama tarehe haifahamiki, mwaka wa kukadiria ni bora kuliko neno "harusi" peke yake, ambalo baada ya faili kumi halisaidii lolote.

Yapo mambo ambayo mkanda hauwezi kuyasema na ambayo mwenye kuuliza anapaswa kuyafahamu. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi matukio ya umri wa takriban miaka 10 hadi 30, hali ambayo katika mchoro huonekana kama kilima. Mzee aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa kamera ilipofika. Ujana wake haumo katika mkanda wowote. Kinachoweza kutokea ni kwamba mkanda wa harusi ya mwanawe unamfungulia habari za harusi yake mwenyewe, ambayo haikurekodiwa: jinsi mahari ilivyopelekwa, nani alimpamba, nani alikuwa somo wake. Mwenye rimoti akiona mzee ameacha kutazama kioo na ameanza kueleza, asimamishe picha na amwache aendelee, hata kama mkanda hautafika mwisho siku hiyo. Kwa watoto wake waliozaliwa miaka ya 1970 na 1980, ambao mikanda hii imeangukia moja kwa moja juu ya kilima chao, kishawishi ni kumrudisha mzee kwenye yale wanayoyapenda wao, na inafaa wajizuie. Kwa mzee mwenye maradhi ya kusahau, vipande vifupi vya dakika kumi, vyenye nyimbo na sura za utotoni au ujanani mwake kama vipo, huweza kumtuliza na kumrudishia maneno, lakini asifanyiwe mtihani wa majina wala asikosolewe anapomwita mwanawe kwa jina la kaka yake.

Si kila mkanda unafaa kutazamwa na kila mtu, na hapa busara inahitajika kuliko ufundi. Mjane aliye katika eda asiwekewe video ya marehemu mumewe kwa nia ya kumfariji pasipo yeye mwenyewe kuiomba. Wapo waumini wasiopenda picha za marehemu zioneshwe, na imani yao iheshimiwe hata kama wadogo hawakubaliani nayo. Harusi iliyovunjika kwa talaka inabaki kuwa ushahidi wa sura na sauti za wazee waliohudhuria, kwa hiyo isifutwe kwa hasira. Lakini mke wa sasa asilazimishwe kukaa sebuleni wakati inapochezwa. Mkanda wa mazishi unafaa uhifadhiwe peke yake na uandikwe wazi, ili mtoto asiufungue akidhani ni sherehe.

Jambo zito zaidi linahusu shughuli za wanawake peke yao. Katika mwambao wa Kenya, Zanzibar na miji mingine ya pwani, wanawake walivua buibui na kufunua nywele zao, wakacheza mbele ya kamera iliyoshikwa na mwanamke mwenzao, kwa makubaliano kwamba mkanda ungebaki kwa mwenye shughuli na kutazamwa na wanawake. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha kwenye pwani ya Afrika Mashariki, ameeleza uzito ambao jamii hizi huutia katika haki ya kutoonekana. Makubaliano hayo hayakuisha kwa sababu mkanda umegeuka faili. Kijana wa kiume anayehamisha mikanda ya nyumbani anapaswa kumwachia dada au shangazi ile ya singo, ya unyago na ya kupamba, bila kuifungua hata kwa kuonja, na fundi atakayepewa awe mwanamke anayeaminika. Vivyo hivyo hotuba za faragha za kitchen party, ambamo mama wadogo na shangazi walisema maneno waliyoyakusudia kwa masikio ya biharusi, si za kurushwa katika kundi la WhatsApp la ukoo.

Kundi hilo lenyewe lina faida na hatari zake. Kipande cha nusu dakika kinachomwonesha babu akicheza kinaweza kumfikia binamu aliyeko Muscat, Toronto au Lubumbashi ndani ya sekunde chache, na mara nyingi majina yaliyokosekana katika daftari hupatikana kwa njia hiyo. Hata hivyo, kilichotumwa hakirudi, na WhatsApp hupunguza ubora wa picha, hivyo nakala iliyopokelewa kundini isichukuliwe kamwe kuwa hifadhi. Kwa video zitakazowekwa hadharani, kwa mfano YouTube, idhini ya wanaoonekana waziwazi iombwe kwanza. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, na hata pale sheria isipogusa matumizi ya nyumbani, heshima ya ukoo inagusa.

Inafaa pia kutahadhari na namna ya kuyatazama yaliyopita. Mwandishi Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu hisia ya kutamani siku zilizopita, alitofautisha shauku inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka, ikiamini kwamba zamani palikuwa na umoja kamili, na shauku inayokubali kwamba nyumba imebomoka na inabaki kuyatafakari mabaki yake. Mikanda ya harusi huchochea kwa urahisi aina ya kwanza, kwa kuwa ilirekodi siku ambazo watu walikuwa wameshiba, wamevaa vizuri na wamesitisha ugomvi. Mikanda haikurekodi kamati ya harusi ikigombania michango wala deni lililobaki baada ya pilau kuliwa. Wakubwa wanaotumia video hizi kuwasuta vijana kwamba zamani watu walipendana huzifanya zichukiwe na wale wale watakaorithi kazi ya kuzitunza. Ni afadhali mzee aeleze pia yaliyokuwa nyuma ya kamera, nani hakualikwa na kwa nini, nani aliuza ng'ombe wake ili sherehe ifane. Vijana husikiliza habari hizo kwa makini zaidi, na huanza kuuliza wenyewe.

Baada ya kuhamishwa, mikanda ya asili isitupwe. Teknolojia ya kuisoma huenda ikaboreka, na faili huweza kuonekana baadaye kuwa na kasoro ambazo hazikugunduliwa mapema, kama vile sauti iliyopishana na midomo au dakika tano zilizorukwa. Irudishwe mwanzo, isimamishwe wima kama vitabu badala ya kulazwa, iwekwe katika chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, mbali na spika kubwa, ukuta unaopigwa na jua la mchana, na sakafu ya nyumba inayoingiwa na maji wakati wa masika. Juu ya kila kaseti iandikwe kwa kalamu isiyofutika tarehe ya tukio, tarehe ya kuhamishwa, jina la faili, na jina la mwanafamilia aliyekabidhiwa daftari la majina, pamoja na la yule wa umri mdogo zaidi aliyekubali kulipokea baada yake.